Sakafu Isiyokanyagwa

Barnabas Wesonga alikuwa na vidole vinane tu vya miguu. Viwili vililiwa na funza akiwa mtoto kule Bukhayo, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anapaswa kulijua kumhusu, maana bila hilo hataelewa kwa nini mwanamume mzima, dereva aliyeendesha malori mpaka Kampala na kurudi kwa miaka mingi, aliipenda sakafu jinsi wengine wanavyopenda pombe. Funza hukaa vumbini. Mama yake alikuwa akimkalisha mlangoni, anaushika mguu wake juu ya paja na kuuchokoa kwa mwiba wa mchungwa, naye analia huku macho yakiliangalia vumbi lile lile lililokuwa likimfuga adui. Hapo ndipo chuki ilipoanza, na haikuisha.

Alipooa na kuhamia Malaba alijenga nyumba ya vyumba viwili, ya udongo na bati, kwa sababu ndiyo aliyoiweza. Mkewe Alupo, Mteso wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, aliisiriba sakafu yake kwa udongo na samadi kila Jumamosi mpaka ikalainika kama ngozi, na Wesonga, ambaye hakuwa mjinga, hakusema neno. Lakini pikapu ilipopatikana, Pijo kuukuu ya rangi ya maziwa, aliijengea gereji ya matofali ya kuchoma, yenye sakafu ya saruji na milango miwili ya mbao iliyofungwa kwa komeo la chuma. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Gari linalala pazuri kuliko mwenyewe! Wesonga aliwaacha wacheke. Jioni, kazi ikiisha, alivua viatu akatembea mle ndani peku, polepole, akiusikia ubaridi wa saruji chini ya nyayo zake.

Kilichomkera ni kwamba saruji nayo hutoa vumbi. Ukiifagia leo, kesho imetoa unga mwingine mwembamba wa kijivu, na oili ikidondoka inazama na kubaki humo. Sasa, katika safari zake aliwahi kuiona karakana moja Kisumu ambayo sakafu yake ilipakwa rangi ya makopo mawili: kopo moja rangi yenyewe, la pili dawa ya kuigandisha. Ukizichanganya, zinashikana na saruji na kuwa kitu kimoja, kigumu na laini kama sahani. Kwenye makopo paliandikwa epoksi, neno ambalo Wesonga alilitamka kwa heshima kama jina la mtakatifu. Msimamizi wa kazi ile, aliyezoea kumpa mizigo abebe, alimwachia makopo yaliyobaki na kumweleza hatua zote. Wesonga akayapanga juu ya rafu gerejini, na huko yakakaa. Kila mara palikuwa na sababu, mara mvua, mara safari, mara arusi. Ukweli ni kwamba aliogopa kuiharibu. Kitu ukikitamani sana unaogopa hata kukishika.

Ndipo ukaingia mwaka wa sabini na saba. Jumuiya ya nchi zetu ilikuwa imevunjika, reli imegawanywa, na mabehewa yalisimama Malaba bila mtu wa kusema ni ya nani. Malori yalipanga foleni mpaka madereva wakafua nguo na kuzianika kwenye bampa. Watu walivuka kutoka ng'ambo bila mizigo, wamevaa nguo za ofisini, suruali zimelowa hadi magotini kwa maji ya mto, na mtu mwenye adabu hakuwauliza walikotoka. Nyuma yao walikuja wengine ambao suruali zao zilikuwa kavu. Hao walikuja kwa gari, na kizuizini walipita kama wanaoingia kwao. Walivaa mashati ya maua na miwani ya giza hata kukiwa na mawingu. Walikaa mbele ya maduka wakinywa soda polepole, wakiuliza maswali kwa upole kabisa, na waliyemuulizia mara nyingi hakuonekana tena, wala hapa wala kule.

Siku moja Wesonga alikuwa akitia petroli, mmoja wao akaja akaweka mkono juu ya boneti ya Pijo, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani.

"Ssebo, hii gari ni yako?"

"Ni yangu, boss."

"Unaitunza sana. Inalala ndani, eh? Tumeona hiyo gereji yako, pale juu ya reli. Milango mikubwa." Mtu yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, hata ya kirafiki, na hilo ndilo lililomtisha Wesonga zaidi. "Hata mtu anaweza kulala humo, na asijulikane."

Wesonga alicheka. Alicheka kwa sababu mwenzake alikuwa akicheka, na mdomo wake ulikuwa mkavu kama majani ya paa. Alirudi nyumbani, akaegesha gari, akafunga komeo, akala ugali wake, na hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Alupo. Alikuwa wa kizazi kile cha wanaume wanaoona kwamba ukishatamka mbele ya mkeo kuwa umeogopa, hakuna utakalosema tena likasikika. Upuuzi mtupu, lakini watu wameishi na kufa kwa upuuzi huo.

Haukupita muda mrefu Kadija akaja. Kadija alikuwa mama wa Kiislamu aliyevusha ndizi kutoka ng'ambo na kurudi huko na sabuni na chumvi, na kwa kuwa askari wa pande zote mbili walikula ndizi zake, hakuna aliyemsumbua. Siku hiyo alitua kikapu chake jikoni kwa Alupo, akakataa chai, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Roselida, nimetumwa na kaka yako. Banange, Etyang anatafutwa. Kuna mkubwa wa jeshi alitaka mabehewa ya kahawa, Etyang akakataa kumwandikia karatasi. Wale wengine wawili wa ofisi yao walishachukuliwa. Anasema soko la wiki ijayo likipita tu, siku inayofuata anavuka."

Etyang alikuwa karani wa stesheni ya reli upande wa pili, ndugu pekee aliyembakia Alupo, na Wesonga alimpenda. Tusimsingizie mtu. Alikuwa shemeji wa kucheka naye, na alipowatembelea hakukosa kuja na mkate na gazeti. Alupo alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono imelala mapajani, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Atalala gerejini, kama siku zote," akasema. "Au vipi, Baba Roselida?"

Hapa lazima tueleze kidogo. Kwa kina Alupo, na kwa kina Wesonga vilevile, kaka mtu mzima halali chini ya paa moja na dada yake pamoja na mume wake. Ni mwiko, na hakuna aliyejadili sababu. Kila Etyang alipokuja, pikapu ilitolewa nje, godoro likatandikwa gerejini, taa ya chemni ikawekwa juu ya rafu. Gereji ndiyo iliyokuwa chumba chake. Bila gereji, kwa Wesonga hapakuwa na mahali pa kumlaza shemeji. Na shemeji hakataliwi. Unaweza kumnyima rafiki, unaweza hata kumfukuza ndugu yako wa tumbo moja mkapatana baadaye, lakini kumwambia ndugu wa mkeo kwamba hapana nafasi ni kumwambia mkeo afungashe.

"Akaribie," akasema Wesonga. "Hapa ni kwake."

Usiku ule hakupata lepe la usingizi. Alimwona mtu wa miwani akilifungua lile komeo. Aliwaona Roselida na wadogo zake, waliokuwa wakisoma Bukhayo kwa bibi yao, wakiletewa habari kwamba hawana baba. Angeweza kumwamsha mkewe na kusema: gereji inajulikana, tumpeleke Etyang moja kwa moja Bukhayo kwa mama, huko hakuna anayemjua. Maneno machache, na Alupo angekubali hata kabla hayajaisha. Badala yake, kulipokucha alienda gerejini, akapanda juu ya debe na kuyashusha yale makopo mawili.

Akaanza kazi. Alitoa kila kitu nje: jeki, magurudumu kuukuu, mapipa, gunia la pumba. Mahali palipokuwa na oili alimwaga unga wa mbao uifyonze, akaukwangua, akasugua kwa brashi ya waya na maji moto yenye sabuni ya unga, akarudia mpaka tone la maji likaacha kusimama juu ya saruji na kuanza kuzama. Msimamizi wa Kisumu alikuwa amemwambia kwamba hiyo ndiyo dalili. Kisha akafunga kitambaa puani, akamimina asidi iliyochanganywa na maji. Saruji ikatoa povu, ikachemka na kulia ssss, na moshi wa kukaba koo ukatoka mlangoni. Aliisafisha kwa maji ya magadi ili kuua ukali wake, akasuuza tena na tena, akiinama, miguu yake ya vidole vinane imevaa viatu vya mpira vya kuazima.

Jirani yao Nerima, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisimama uani akajishika kiuno.

"Mama Roselida! Njoo uone! Mzee anasiriba!" Akacheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta. "Wesonga, umesahau samadi! Nikuletee ya ng'ombe wangu?"

"Leta na ng'ombe mwenyewe," akajibu Wesonga, akacheka naye. Kusiriba ni kazi ya wanawake, kila mtu anajua, na mwanamume aliyepiga magoti sakafuni huku akisugua alikuwa kituko cha wiki. Angestahimili kuchekwa mwaka mzima. Waliomcheka hawakuuliza kwa nini ameamua kuifanya sasa.

Alupo hakucheka. Alileta maji, akayatua, akamtazama.

"Hiyo rangi imekaa hapo miaka. Leo ndiyo umeikumbuka?"

"Kiangazi hiki hakitanisubiri. Mvua ikianza, basi."

"Na Etyang?"

"Itakuwa imekauka."

Alimwangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akabeba ndoo na kwenda zake. Wesonga aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, naye akasugua kwa nguvu zaidi.

Gereji ilikuwa imejengwa karibu na bonde la mto, na ardhi ya pale haikauki kwa haraka. Alibandika kipande cha nailoni sakafuni kwa tepu, akakiacha kilale, na asubuhi akakuta matone ya maji chini yake. Unyevu ulikuwa ukipanda kutoka ardhini. Rangi ikipakwa juu ya unyevu hutoka malengelenge na kubanduka, kwa hiyo aliiacha milango wazi jua liingie, na kila siku alibandika nailoni nyingine. Matone yakapungua. Hatimaye, siku kadhaa kabla ya soko, nailoni ikatoka kavu.

Sakafu ilikuwa tayari. Angeipaka siku ile ile, Etyang angekuja akute imeshakauka, angetandikiwa godoro juu yake kama mfalme. Wesonga alijua. Alikaa juu ya debe, nailoni kavu mkononi, akijua kabisa. Kisha akakoroga saruji kidogo na kuanza kuziba nyufa alizokwisha kuziziba. Kesho yake akaisugua kwa msasa mahali palipokuwa laini tayari. Siku iliyofuata akafagia. Alupo alipopita alimwona mumewe akiwa kazini, jasho linamtoka.

Asubuhi ya siku baada ya soko, Kadija alipita barabarani na kikapu kichwani. Hakusimama. Aliinua tu kidevu kuelekea mtoni, na Wesonga akaelewa kuwa ni leo. Aliingia gerejini, akafungua makopo.

Alimimina moja juu ya jingine, akakoroga kwa kijiti kirefu, na baada ya muda kopo likaanza kupata joto mkononi mwake. Alikuwa ameonywa kwamba kuanzia hapo hakuna kusimama: ukisita, inakugandia koponi. Alianza kona ya ndani kabisa, akipaka kingo kwa brashi na katikati kwa rola, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Rangi ilijitandaza yenyewe, ikameza alama za rola, ikatulia. Harufu yake ilikuwa kali, ya kuchoma macho. Na hapo, lazima isemwe, Wesonga alisahau. Alimsahau Etyang, akamsahau mtu wa miwani. Kwa muda wote wa kupaka alikuwa tu yule mtoto wa Bukhayo aliyekuwa akilifukuza vumbi, na vumbi lilikuwa likiondoka mbele yake, kipande kwa kipande, halirudi tena. Alipofika kizingitini akatoka nje, akanyoosha mgongo, akatazama ndani. Ilikuwa kijivu, imenyooka, inameremeta. Machozi yalimlengalenga. Labda ni ile harufu.

Etyang alifika alasiri, suruali imelowa, mfuko mmoja mkononi. Alikuwa amekonda, na alipomkumbatia dada yake hakumwachia mara moja. Alikula, akanywa chai vikombe viwili, akaanza kutabasamu kidogo kidogo. Kisha wote watatu wakatoka uani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kawaida, mgeni anapelekwa chumbani kwake akaweke mfuko. Wesonga akafungua mlango mmoja wa gereji.

"Ai! Shemeji!" Etyang alisimama kizingitini, mdomo wazi. "Hii ni kioo. Nani amefanya?"

"Mimi mwenyewe."

"Inakauka lini?"

"Leo tu ndiyo nimepaka," akasema Wesonga, akiangalia viatu vyake. "Inataka siku. Ukikanyaga sasa, inaharibika yote."

"Akanyage tu!" Alupo alisema, na sauti yake ilipasuka. "Ni rangi! Etyang, ingia, utandike pale ukutani. Ikiharibika, iharibike!"

"Dada, wewe." Etyang alicheka. "Mimi niharibu kazi ya shemeji yangu? Nije kwa watu nikiwa mkimbizi, halafu niwaachie nyayo zangu sakafuni?"

"Basi lala nyumbani. Mimi na Baba Roselida tutalala jikoni."

"Nimtoe mwenye nyumba kitandani? Watu watasema nini?" Aliurudisha mfuko begani. "Pale karibu na stesheni kuna lojingi ya mzee Usman, mimi namjua. Siku mbili tatu tu. Si nimeshavuka? Hapa ni Kenya."

Alupo alimgeukia mumewe. Alingoja. Alikuwa akimpa nafasi ya kusema neno lolote, hata "ingia". Wesonga aliliona hilo usoni mwake waziwazi, akaurudisha mlango wa gereji.

"Ni siku chache tu," akasema.

Kwa hiyo Etyang akaenda kukaa lojingi. Kwa kuwa haikufaa Alupo aonekane akiingia na kutoka nyumba ya kulala wageni, Wesonga ndiye aliyepeleka chakula, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Jioni ya pili walikaa kitandani, mmoja huku na mwingine kule, wakazungumza habari za mabehewa, za shule ya Roselida, za rangi. Etyang alitaka kujua kila kitu kuhusu ile rangi. Alikuwa amekaa ndani mchana kutwa na alikuwa na kiu ya maneno ya kawaida.

"Imekauka?"

"Bado kidogo," akajibu Wesonga.

Ilikuwa imekauka. Asubuhi ile alikuwa ameigusa kwa kidole, kisha kwa ngumi, kisha akavua kiatu na kuikanyaga kwa kisigino, na ilikuwa ngumu kama jiwe. Gurudumu la gari ndilo lililotakiwa kungoja wiki. Mguu wa mtu ulihitaji siku moja tu. Alikuwa amefunga komeo kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni, na Alupo alipouliza alimpa jibu lile lile.

Siku iliyofuata, akitoka lojingi na bakuli tupu, aliona gari limeegeshwa upande wa pili wa barabara, chini ya kibao cha kinyozi. Vioo vilikuwa vimefungwa, na joto lote lile. Hapakuwa na mtu aliyeonekana ndani. Wesonga alipita karibu nalo bila kuharakisha, akitazama mbele, jasho likimtiririka mgongoni. Hapo ndipo akaelewa kwamba hakuna alichokiepusha. Alichofanya ni kumtoa tu mtu penye komeo na kumweka pasipo na komeo. Akaamua. Kesho atampakia Etyang kwenye pikapu, atamfunika kwa magunia ya pumba, atampeleka Bukhayo kwa mama, na njiani atamweleza kila kitu. Uamuzi ule ulimletea nafuu kubwa hata akapiga mluzi njiani. Hakurudi lojingi kusema. Aliona kesho yatosha.

Kesho yake alijaza petroli mapema, akapakia magunia. Alupo alikuwa amepika kuku. Wesonga akamwachia ufunguo wa gereji mezani. "Angalia kama imekauka," akamwambia, kwa sababu alikuwa amechoka kudanganya na alitaka angalau hilo limalizike. Akachukua bakuli, lingali moto, akaendesha mpaka stesheni. Chini ya kibao hapakuwa na gari lolote.

Mzee Usman alikuwa amekaa mlangoni pa lojingi, kofia yake ya darizi magotini, kichwa wazi. Hakusimama.

"Walikuja sasa hivi, mchana kweupe," akasema. "Watatu. Wakasema ni ndugu zake, wamekuja kumrudisha nyumbani. Nikawaambia ngojeni, ana shemeji yake hapa, analetewa chakula. Wakasema huyo shemeji wanamjua." Aliigeuza kofia magotini. "Hakupiga kelele, Wesonga. Aliniambia, mzee, asante, kaa salama. Kama mtu anayeenda kazini."

Wesonga aliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Koti la Etyang lilining'inia msumarini, na juu ya meza palikuwa na gazeti limekunjwa mahali alipokuwa amefikia kusoma. Alisimama pale mpaka akasikia bakuli likimuunguza viganja, na hata hivyo hakuliweka chini.

Alienda kizuizini. Askari wa zamu, aliyemjua kwa jina, alimsikiliza akikwepa macho yake, akasema magari yaliyopita leo yote yalikuwa na karatasi safi. Daraja lilikuwa tupu. Ng'ambo, watu walikuwa wakitembea na baiskeli zao, kuku wakining'inia miguu juu kichwa chini, siku kama siku nyingine. Wesonga aligeuza pikapu.

Alipofika nyumbani milango yote miwili ya gereji ilikuwa wazi na jua limejaa ndani. Alupo alikuwa katikati ya sakafu, peku, amepiga magoti, akinyoosha shuka juu ya godoro. Mto ulikuwa na foronya mpya. Alikuwa ameleta kiti, beseni la kunawia na taa ya chemni iliyojazwa mafuta. Alimsikia mumewe akija, akainua uso, na ulikuwa uso wa furaha ambao Wesonga hakuwa ameuona tangu Kadija alipotua kikapu.

"Imekauka, Baba Roselida. Angalia, hata haiachi alama." Alipiga sakafu kwa kiganja. Kisha akainuka, akapangusa mikono kwenye leso, akaona haya kama msichana. "Nataka kukuambia kitu. Siku hizi zote moyoni nilikuwa nasema unamkataa ndugu yangu. Nilikuwa nasema rangi ni sababu tu. Nimekushuku bure. Unisamehe."

Wesonga alisimama kizingitini.

"Sasa mwite aingie," akasema Alupo, akichungulia nyuma yake kwenye pikapu. "Umemwacha ndani ya gari kwa nini?"

Ndipo akaliona bakuli mikononi mwa mumewe, kitambaa chake kingali kimefungwa kama alivyokifunga.